Kusoma chumba cha ndani cha Parthenon, hekalu la kale la Athens, kwenye ramani

Anza na kaskazini ya ramani, kisha tafuta upande wa mashariki, maana ndiko ulikokuwa mlango mkuu. Vuka safu ya nje (nguzo 8 mbele, 17 ubavuni, ukihesabu za kona mara mbili), halafu safu ya pili ya nguzo 6. Sasa umefika naosi, chumba cha mungu: urefu karibu mita 30, upana 19.

Ndani, nguzo ndogo za ghorofa mbili zilizunguka pande tatu. Katikati, kuelekea nyuma, tafuta shimo la mstatili sakafuni. Hapo ndipo ulipochomekwa mhimili wa mbao ulioshikilia sanamu ya mungu wa kike Athena, ya dhahabu na pembe za ndovu, kazi ya mchongaji Phidias, iliyowekwa wakfu mwaka 438 KK.

Chumba cha magharibi chenye nguzo 4 usikiunganishe na naosi. Ukuta ulivitenga kabisa. Wala usitafute madhabahu ya kuchinjia ndani ya hekalu: wanyama walichinjwa nje. Ukiona ukuta wa nusu duara mashariki, hiyo ni ramani ya enzi hekalu lilipogeuzwa kanisa, mlango ulipohamia magharibi.