Kabla ya kuwasha mashine ya kukaza misuli ICU (wodi ya wagonjwa mahututi)

Mgonjwa mahututi hukonda paja haraka mno. Ndani ya siku 10 za mwanzo msuli wa mbele unaweza kupungua karibu asilimia 18. Umeme wa kukaza misuli husaidia baadhi ya wagonjwa, lakini haufuti zamu ya kumnyoosha viungo na kumkalisha. Kabla ya kuwasha, pita hapa.

Ana kifaa cha mapigo ya moyo kifuani? Acha. Damu imeganda mguuni, mfupa umevunjika, ana kifafa au mimba? Acha kwanza, muulize daktari. Yuko kwenye dawa ya kulegeza misuli? Usijisumbue, msuli hautaitika.

Betri ijae. Umeme ukikatika, chaja haikusaidii.

Sasa pedi, yaani vibandiko vya jeli vinavyopitisha umeme kwenye ngozi, ndipo wengi wanapoharibu. Kiangazi cha Dodoma hewa ni kavu na vumbi halina adabu. Pedi iliyoachwa wazi juu ya kabati, jeli yake hukauka na kingo hunyanyuka. Hapo mkondo wote hupitia kipande kidogo kilichobaki kugusa ngozi, na mgonjwa aliye kwenye dawa za usingizi hawezi kusema anaungua. Au ameogeshwa asubuhi, akapakwa mafuta miguuni. Mafuta huzuia umeme, msuli hautikisiki, basi mtu anapandisha namba ya nguvu ya umeme, anapandisha tena, halafu pedi ikibanduliwa kuna lengelenge. Osha paja kwa sabuni, suuza, kausha. Pedi moja sehemu ya juu ya paja upande wa nje, nyingine juu kidogo ya goti upande wa ndani. Kila mgonjwa na pedi zake. Ukimaliza, zirudi kwenye plastiki yake na mfuko ufungwe.

Anzia hezi 50 (mipigo 50 ya umeme kwa sekunde), kila mpigo mikrosekunde 400, dakika 30 hadi 60 kwa siku, mapumziko yasiwe mafupi kuliko mkazo. Panda taratibu, jicho likiwa kwenye goti: pia ya goti ivutwe juu. Namba ya kwenye kioo si kipimo cha kitu. Mguu uliojaa maji huweka umbali kati ya pedi na msuli, kwa hiyo uinue kwa mito kwanza. Ukiweka kiganja usihisi mkazo, usilazimishe.

Mistari ya moyo kwenye monita ikichafuka, zima mashine kisha uitazame mistari upya kabla hujaita watu. Akihitaji kushtuliwa moyo, ng'oa nyaya kwanza. Na ukibandua, kagua ngozi kwa mwanga mzuri, si kwa kupapasa.