Leseni ya Biashara Uganda: Ofisi Ipi Kwanza, Ipi Baadaye

Makaratasi ya biashara Uganda hayatoki dirisha moja. Jina husajiliwa URSB (ofisi ya usajili wa biashara na kampuni), namba ya mlipakodi (TIN) hutolewa na URA (mamlaka ya mapato), na leseni ni kazi ya jiji, manispaa, halmashauri ya mji au kaunti ndogo. Kupitia TREP, mpango wa kupanua daftari la walipakodi, ofisi hizi hubadilishana taarifa za wafanyabiashara, kwa hiyo jina lako, TIN yako na mahali ulipo visomeke sawasawa kote. Maombi mengi hukwama hapo, wala si kwenye pesa.

1. Jua mpaka kabla ya kulipia pango

Banda iko Divisheni ya Nakawa, chini ya KCCA (mamlaka ya jiji la Kampala). Songa kidogo tu kwenye barabara ile ile ya Jinja ufike Kireka, tayari uko Manispaa ya Kira, wilayani Wakiso. Leseni ya Nakawa haikufai Kireka, na mwenye maduka mawili anahitaji leseni mbili. Mwulize mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) jina la kijiji, parokia (eneo la utawala lenye vijiji kadhaa) na divisheni, uyaandike kama anavyoyataja.

Katika majiji yaliyoanza Julai 2020, kama Gulu, Arua na Mbarara, uliza mara mbili. Mipaka ilipanuka ikameza kaunti ndogo za jirani, hivyo risiti ya zamani ya mpangaji aliyekutangulia inaweza kukupeleka ofisi isiyo yako.

2. Sajili jina

Usajili hufanyika mtandaoni kwenye mfumo wa URSB. Amua mapema: jina la biashara au kampuni? Jina la biashara la mtu mmoja hutumia TIN ya mwenyewe. Kampuni ni mtu mwingine kisheria, nayo huchukua TIN yake. Kosa tunaloliona sana ni mtu kusajili kampuni, kisha kuombea leseni kwa TIN yake binafsi. Leseni hutoka, lakini ni yake yeye. Kampuni inabaki haina. Benki au mteja mkubwa akidai nyaraka, unaanza upya.

3. Chukua TIN

Usiiruke. Sheria ya taratibu za kodi ya 2014 inakataza mamlaka yoyote ya mitaa kumpa leseni mtu asiye na TIN. Kama unayo tangu zamani, ingia kwenye akaunti ya URA uongeze biashara mpya na anwani yake.

4. Omba leseni

Kampala, fungua akaunti kwenye mfumo wa KCCA upate namba ya COIN (namba yako ya mteja wa KCCA), kisha jaza ombi. Kwingine, nenda kwa afisa biashara wa divisheni au halmashauri. Ada hutegemea mambo mawili: aina ya biashara na daraja la eneo. Ndiyo maana duka la nguo katikati ya mji hulipa zaidi ya lile la pembezoni.

Eleza biashara kama ilivyo. Ukiandika "duka la jumla" huku unauza rejareja, utakadiriwa ada isiyo yako, na kuirekebisha baada ya kulipa ni kazi ngumu. Lipa kwa namba ya malipo tu, benki au kwa simu. Usimpe mtu pesa mkononi, hata akiwa na kitambulisho: malipo yasiyo na namba hayaonekani kwenye mfumo, na mkaguzi atakuhesabu hujalipa.

5. Vibali vya sekta

Leseni ya jiji haikuruhusu kuuza dawa. Hiyo ni kazi ya NDA (mamlaka ya dawa). Wanaoshika chakula wanahitaji pia cheti cha afya, na mkaguzi wa afya hukagua jengo lenyewe. Pata kibali cha jengo kabla ya kununua majokofu.

6. Andika tarehe zote

Tangu marekebisho ya 2015, leseni ya biashara hudumu miezi 12 kuanzia siku ilipotolewa. Leseni za NDA huisha 31 Desemba. Mwenye duka la dawa aliyepata leseni ya jiji mwezi Agosti ana tarehe mbili za kukumbuka, na wengi huikumbuka moja.

Ukihama au ukifunga, wajulishe divisheni na URA kwa maandishi, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.