Kusikiliza ndege wahamaji usiku pwani

Kuwasikia ndege wahamaji usiku si kazi. Kazi ni kujua nani anasafiri na nani anahama tu tope. Sululu na vitwitwi, ndege wa matopeni, hula usiku kama mchana, wakifuata maji: bahari ikijaa wanaacha matope na kurukia penye ukavu, huku wakilia njia nzima. Ukirekodi saa hiyo kando ya hori la Mida, pwani ya Kenya, utajaza sauti tele, na huenda asiwemo msafiri hata mmoja.

Kwa hiyo anza na jedwali la maji. Saa za maji kujaa ziache, hasa siku za bamvu, maji yanapojaa kupita kawaida. Kisha sogea bara kilomita mbili tatu, upate paa lisilo na mwembe juu yake. Huko kelele za ufukweni hazifiki, na anayelia juu yako ana safari yake.

Wanaingia kutoka Ulaya na Asia kuanzia Agosti hadi Novemba, wanarudi Aprili na mwanzo wa Mei. Sisi tunapenda Aprili, ingawa masika hukera. Kaskazi imelegea, kusi inaanza kusukuma kwa nyuma, na makundi mengi hung'oka jioni. Uwe umeshakaa paani kabla jua halijazama.

Maikrofoni iweke ndani ya ndoo ya lita 20, ikitazama juu. Ukuta wa ndoo unakinga sauti za pembeni: jenereta, bodaboda, mbwa wa jirani. Vika ndani sponji ya godoro ya sentimita 3, la sivyo ndoo itavuma. Toboa tundu chini kwa ajili ya waya na maji ya umande. Mdomo ufunike kwa nailoni nyembamba ya kufungia chakula, uivute kama ngozi ya ngoma na kuikaza kwa mpira. Ikilegea itapigapiga kwa upepo na kufunika kila kitu. Inamisha ndoo kidogo ili mvua isituame juu.

Rekodi WAV, mono, biti 16, sampuli 22,050 kwa sekunde. Saa 10 zinakula kama GB 1.6. Kwa ndege hawa, sampuli 44,100 ni kujaza kadi tu. Kata faili kila saa moja, betri ikizima upoteze kipande kimoja. Zima kipimo cha sauti kinachojirekebisha chenyewe, maana nyenje wakishangilia kitashusha kila kitu, na mlio wa mbali utapotea. Kinasa kikiwa na saa isiyo sahihi, jedwali la maji halitakusaidia tena.

Asubuhi fungua faili katika Audacity, programu ya kuhariri sauti, kwa sura ya spektrogramu, yaani mchoro wa sauti, 1 hadi 9 kHz, sekunde 30 kwa skrini. Nyenje hujichora mstari mlalo usiokatika; uzoee kuupita. Sululu ni vialama vifupi vilivyopangwa sawasawa, mara nyingi saba: ti-ti-ti-ti-ti-ti-ti, havipandi wala kushuka. Mhamaji hulia, akanyamaza, akalia tena mbele kidogo, na ndani ya dakika moja keshapita. Chekehukwa, mwenyeji, huwadanganya wengi: huanza polepole, hupanda na kuharakisha, kisha hufifia, tena palepale chini kwa muda mrefu.

BirdNET, programu inayotambua ndege kwa sauti, itakuonyesha pa kutazama. Isikutajie jina ukaliandika bila kusikiliza. Chura mmoja anaweza kukupa ndege watano.

Usiku mkimya nao si anga tupu. Ngulia, loji ya Tsavo Magharibi, Kenya, ambako ndege wamekuwa wakivishwa pete za utambulisho mguuni tangu 1969, taa na ukungu hushusha ndege wadogo kwa wingi, na wengi wao huvuka bila kulia.

Katika daftari andika milio, usiandike ndege. Sululu mmoja anaweza kukulilia mara nne kabla hajavuka paa.