Namna ya Kuandika Kanuni ya Pombe Kazini

Mwajiri anayetaka kanuni inayotekelezeka aanze kwa kueleza bayana inahusu nani na saa zipi, kwa kuwa neno "kazini" peke yake huacha mwanya: je, mapumziko ya mchana, safari za kikazi na zamu ya dharura vimo? Kwa madereva na waendesha mitambo, marufuku iwe kamili, na ijumuishe saa zinazotangulia zamu, maana mwili huondoa pombe polepole, wala kahawa au maji baridi hayaharakishi kazi hiyo; aliyekunywa sana usiku anaweza kufika asubuhi akiwa bado amelewa.

Hafla za ofisi zitajwe pia, pamoja na cheo cha anayeweza kutoa ruhusa.

Sehemu inayopuuzwa mno ni ya msaada. Mwongozo wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1996 unataka matatizo ya pombe yachukuliwe kama matatizo ya afya. Kwa hiyo andika wazi kwamba mfanyakazi anayejitokeza mwenyewe kuomba matibabu atatunziwa siri na hatabaguliwa. Vipimo vifanywe kwa utaratibu ulioandikwa na unaoruhusiwa na sheria, na mfanyakazi asikilizwe kabla ya adhabu yoyote.