SOMO: Kuanza Pokémon FireRed na LeafGreen bila kupoteza muda wala mipira

Wakuu, somo hili ni la anayefungua FireRed au LeafGreen, matoleo ya Game Boy Advance ya mwaka 2004, kwa mara ya kwanza. Linaishia kwa Misty, kiongozi wa jimu (ukumbi wa mapambano) ya pili. Wanaokwama mapema mara nyingi wana Pokémon (viumbe unaowakamata na kuwapiganisha) wazuri tu. Shida ni kwamba uzoefu wote (pointi za kupandisha levo) wamempa mmoja, mipira ya kukamatia imeisha, na mashambulizi waliyonayo hayamtikisi Onix wa jimu ya kwanza.

Hatua ya 1: Chumbani
Kabla hujashuka ngazi, fungua kompyuta iliyo chumbani na utoe Potion (dawa ya kurudisha uhai) iliyohifadhiwa humo. Kumbuka pia kwamba gemu ina nafasi moja tu ya kusevu, kwa hiyo ukianza upya na kusevu, safari ya zamani inafutika.

Hatua ya 2: Pokémon wa kwanza
Kati ya watatu wa kuchagua, Bulbasaur, wa majani, ndiye mwepesi kwa anayeanza. Anajifunza Vine Whip, shambulio la majani, levo ya 10, na Pokémon wote wawili wa Brock, kiongozi wa jimu ya kwanza, ni wa mwamba na ardhi, hivyo shambulio la majani linawaumiza mara 4. Misty naye ni wa maji, kwa hiyo Bulbasaur anakufaa jimu zote mbili. Squirtle, wa maji, anapata Bubble levo ya 7, nayo inampiga Brock mara 4 vilevile, ila kwa Misty utahitaji msaada. Charmander, wa moto, ni mgumu jimu zote mbili. Ukimpenda mchukue, lakini usiruke hatua ya 5.

Mpinzani wako atachukua anayemshinda wa kwako. Katika pambano lile la kwanza hilo halina uzito, kwa kuwa hakuna kati yenu mwenye shambulio la moto, maji au majani. Piga Tackle au Scratch kila zamu.

Hatua ya 3: Kifurushi na ununuzi
Nenda mji wa Viridian, ingia dukani, pokea kifurushi cha Profesa Oak, aliyekupa Pokémon wa kwanza, urudi Pallet, mji ulikoanzia. Wakati wa kurudi ruka vikingo vya Route 1 (njia kati ya miji hiyo), vinafupisha njia na kukuepusha na majani. Oak atakupa Pokédex (kitabu cha kurekodi Pokémon) na Poké Ball 5 (mipira ya kukamatia), na kuanzia hapo duka litakuuzia.

Umeanza na pesa 3,000. Poké Ball ni 200, Potion 300, Antidote (dawa ya sumu) 100. Nunua mipira 5, Antidote 2 na Potion 1, kiasi kingine kiweke. Kituo cha Pokémon kinatibu bure, kwa hiyo kujaza begi Potion mapema ni kutupa pesa.

Hatua ya 4: Kukamata kwa hesabu
Hapa ndipo mipira mingi inapotea, tuende taratibu. Kila aina ya Pokémon ina namba yake ya urahisi wa kukamatwa, kuanzia 3 hadi 255. Pidgey, Rattata na Caterpie wana 255, Pikachu na Mankey 190, Mewtwo 3. Uhai wake ukiwa umejaa, gemu inatumia theluthi moja tu ya namba hiyo. Uhai ukibaki nusu inatumia theluthi mbili, na ukikaribia kuisha inatumia karibu yote. Kisha inazidisha kwa mpira: Poké Ball ni 1, Great Ball 1.5, Ultra Ball 2. Mwisho inazidisha kwa hali yake: aliyelala au kuganda ni mara 2, aliyepooza, mwenye sumu au aliyeungua ni mara 1.5. Jibu ukiligawa kwa 255, unapata nafasi yako.

Tumchukue Pikachu. Uhai umejaa, Poké Ball ya kawaida: 63 kwa 255, yaani mpira mmoja kati ya minne. Uhai nusu: 127, sawa na nusu kwa nusu. Uhai nusu na amelala: 253, karibu hakika. Ndiyo maana usingizi una thamani kuliko mpira wa bei. Bulbasaur na Butterfree wote hupata Sleep Powder levo ya 15.

Tahadhari ni mbili. Kwanza, mstari wa uhai ukishageuka wa njano, acha kupiga kwa nguvu, maana pigo la bahati linaweza kummaliza. Mtoe Pokémon wako mdogo ndiye apunguze kilichobaki. Pili, sumu inaendelea kumla uhai kila zamu, kwa hiyo ukichelewa atazimia kabla hujarusha mpira.

Hatua ya 5: Route 22, kisha Msitu wa Viridian
Magharibi mwa Viridian, kwenye majani ya Route 22, kamata Mankey. Usisogee hadi karibu na lango kama hujajiandaa, kwa sababu mpinzani wako yuko huko na Pokémon wawili wa levo ya 9.

Msituni mtafute Caterpie. Anakuwa Metapod levo ya 7 na Butterfree levo ya 10, na hapohapo anapata Confusion, shambulio la saikiki (nguvu za akili). Kamata Caterpie mwenyewe, usikamate Metapod wa porini: yule anajua Harden peke yake, hana cha kupigia. Pikachu yupo pia, kwa nafasi ya asilimia 5.

Hatua ya 6: Kugawa uzoefu
Uzoefu wa kila pambano hugawanywa sawa kwa waliotokea uwanjani na bado wamesimama. Muweke dhaifu wa kwanza kwenye orodha, akitokea mbadilishe zamu ya kwanza, mwenye nguvu amalize kazi. Dhaifu anaondoka na nusu bila kurusha pigo. Lenga kuwa na watatu wa levo ya 10 hadi 13 badala ya mmoja wa 18.

Hatua ya 7: Brock
Ana Geodude wa levo ya 12 na Onix wa levo ya 14. Onix anatisha kwa ulinzi wake wa kawaida, ambao msingi wake ni 160, lakini ulinzi wake maalumu ni 45 tu. Katika gemu hizi aina ya shambulio ndiyo inayoamua linapambana na ulinzi upi: moto, maji, majani na saikiki huenda kwenye ule maalumu. Kwa sababu hiyo Ember ya Charmander, shambulio la moto, ingawa inakatwa nusu na mwamba, inamuumiza Onix karibu sawa na Metal Claw, shambulio lake la chuma la levo ya 13.

Mankey ndiye jibu la kweli kwa mwenye Charmander. Nguvu ya Low Kick, shambulio lake, inategemea uzito wa anayepigwa. Onix ana kilo 210, hivyo nguvu inafika 120. Geodude ana kilo 20, anapata 40. Mtunze Mankey kwa ajili ya Onix. Butterfree naye mtumie kwa Geodude tu, maana Onix ana Rock Tomb na pigo la mwamba linamkuta Butterfree mara 4.

Ukishinda, elekea mashariki ya Pewter, mji wa Brock, msaidizi wa Oak atakupa viatu vya kukimbilia.

Hatua ya 8: Hadi Misty
Ukifika Cerulean, mji wa Misty, tibu timu kwanza, mpinzani wako anakungoja kabla ya daraja. Darajani washinde wapinzani watano upewe Nugget (kipande cha dhahabu), inayouzwa 5,000. Mbele kidogo, Route 24, kuna Abra. Hutoroka kwa Teleport, kwa hiyo rusha mpira zamu ya kwanza. Misty ana Staryu wa 18 na Starmie wa 21. Starmie ana kasi na Water Pulse, mpige kwa majani au umeme.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, kubonyeza B mpira ukitikisika kunasaidia?
Jibu: Hapana. Hesabu imekwisha kabla mpira haujatikisika, kinachoonekana ni matokeo tu.

Swali: Nimemzimisha Pikachu kwa bahati mbaya. Atarudi?
Jibu: Atarudi, wa kwenye majani hawaishi. Wa kuogopa ni wale wanaosimama mahali pamoja kama Snorlax. Kwa hao sevu kwanza.

Swali: Nina FireRed, Bellsprout simuoni kabisa.
Jibu: Bellsprout ni wa LeafGreen. Kwako wewe yupo Oddish, na kwa Misty anafanya kazi ileile.

Swali: Tabia za Pokémon nizijali tangu mwanzo?
Jibu: Zipo 25, na nyingi huongeza sifa moja asilimia 10 na kupunguza nyingine kiasi hichohicho. Kwa Brock na Misty aina ya shambulio ina uzito zaidi. Usianze upya kwa sababu hiyo.

Swali: Exp. Share (kifaa cha kugawa uzoefu) inapatikana wapi ili niache kubadilisha-badilisha?
Jibu: Kwa msaidizi wa Oak wa Route 15, ukiwa umekamata aina 50, kwa hiyo bado uko mbali. Aliye karibu ni wa Route 2: anataka aina 10, anatoa Flash (shambulio la kuangaza giza), nayo utaihitaji ndani ya pango la Rock Tunnel.