Mwache mbu adanganye: vibonzo vinavyoongea darasani

Nafundisha Sayansi darasa la tano. Wanafunzi 64, simu moja, nayo ni yangu.

Natumia ChatterPix Kids, programu ya bure. Unapiga picha ya kitu, unachora mstari kwa kidole pale unapotaka pawe mdomo, unarekodi, na picha inaanza kuongea. Mwisho sekunde 30. Naipakua nyumbani, shuleni nazima data.

Simu iache mfukoni kwanza, anza na karatasi. Kwenye somo la malaria niliwagawa makundi manane, kila kundi lichore mbu mmoja ajaze ukurasa: manne Anofelesi (mbu anayeeneza malaria), manne Kuleksi (mbu wa aina nyingine, asiyeieneza). Kazi ikawa hapo. Anofelesi akitua huinua tumbo juu, Kuleksi hukaa sambamba na ukuta. Miaka yote nimeliandika hilo ubaoni bila kuulizwa swali; safari hii makundi mawili yalifuta mchoro yakaanza upya. Uso wauchore mpana, mdomo ukae chini ya macho, na uwaambie wazi kwamba ni wa kuigiza, maana mbu halisi ana mrija tu.

Halafu maneno. Mtoto akisoma taratibu, sekunde 30 zinabeba maneno kama 50. Kundi moja lilileta ukurasa mzima, nusu yake salamu kwa mgeni rasmi (sijui nani alimwalika). Tulikata hadi ikabaki: "Mimi ni jike. Dume anafyonza utamu wa maua, mimi nataka damu nikuze mayai. Nakuja giza likiingia. Mwenye chandarua kilichotoboka, ahsante."

Kurekodia darasani usijaribu. Chini ya mwembe upepo ulituharibia; tukaishia stoo ya majembe, mlango umefungwa, simu shubiri moja kutoka mdomoni. Sauti iwe ya mtoto mwenyewe. Niliwahi kujaribu avata, yaani kibonzo cha mtandaoni kinachosoma maandishi kwa sauti ya kompyuta, ikatamka "ng'ombe" darasa likacheka hadi kengele. Na picha za sura za watoto siziingizi kabisa, michoro inatosha.

Ninachokipenda zaidi ni mbu wangu mwenyewe, mwongo. Nilimrekodi akisema, "Sisi mbu wote tunauma, dume kwa jike, na kila mmoja wetu anazaliwa na malaria." Mimi nikikosea ubaoni wanaandika hivyohivyo. Mbu alipokosea, mikono ilijaa hewani, na binti wa dawati la nyuma alisimama bila kuitwa: mbu anavichukua vimelea kwa mtu mgonjwa, hazaliwi navyo! Nikawapa simu wamrekodi upya. Kwa hiyo panda makosa mawili tu, yale uliyoyaona kwenye madaftari yao, na usiyataje kabla.

Video zihifadhi kwenye simu usiku wa kuamkia somo, na simu uichaji. Spika niliazima kwa wanakwaya. Bila spika, walio nyuma wanaona mbu anapanua mdomo tu.