Blakiberi zinasumbua kwenye joto? Angalia haya kabla hujanunua dawa

Niko Moroto, huku Karamoja kwenye ukame wa Uganda, na kila ikifika mwezi wa kwanza watu wananionyesha picha kwenye simu, majani yameungua, matunda yana madoa meupe, na swali ni lilelile, ninyunyize dawa gani? Mimi nasema ngoja kwanza. Huku kwetu shida nyingi za huu mmea sio ugonjwa, ni jua, maji na udongo, na hakuna dawa ya dukani inayotibu jua. Na naongelea blakiberi yenyewe, ile ya fimbo ndefu, mara nyingi zenye miiba, ndugu ya zile nkenene za porini za kule Kabale, sio forosadi inayokua mti.

Tuanze na matunda, maana hapo ndipo moyo unauma. Chuma tunda moja ulishike karibu na macho. Utaona limejengwa na vipunje vingi vidogo vimeshikana, sasa angalia ni vipunje gani vimekuwa vyeupe. Kama weupe uko upande mmoja tu, ule uliotazama jua la mchana, hiyo ni kuungua na jua. Hewa ikiwa kavu jua linapiga kwa nguvu zaidi kuliko kwenye unyevu, ndio maana mtu wa Entebbe, kule kando ya ziwa, anaweza asikuelewe ukimsimulia. Kama vyeupe vimetawanyika ovyo, pande zote, shuku wadudu wanaofyonza, wale wenye harufu mbaya ukiwaponda. Na kama nusu ya tunda, hasa karibu na kikonyo, imebaki nyekundu na ngumu wakati kwingine kumeiva, hao ni utitiri wadogo sana huwezi kuwaona kwa macho, kata matunda hayo yote uyatoe shambani.

Ya jua dawa yake ni kivuli, lakini sio giza. Neti inayozuia asilimia 30 ya jua inatosha, ifungwe juu ya mmea hewa ipite. Kama neti ni ghali, mimi nimesimamisha ukuta wa mabua ya mtama upande wa magharibi, jua la saa nane mpaka saa kumi na moja linagonga mabua badala ya matunda, na kwangu madoa yamepungua sana. Ukipanda upya, elekeza mstari kaskazini-kusini ili pande zote mbili zigawane jua.

Maji sasa. Mizizi mingi ya blakiberi iko juujuu, kama sentimita 30 za kwanza, kwa hiyo udongo wa juu ukikauka mmea unaumia haraka. Inataka kama milimita 25 mpaka 50 kwa wiki, na milimita moja kwenye mita moja ya mraba ni lita moja, maana yake mmea uliojaza mita moja ya mraba unakunywa jerikeni ya lita 20 moja na kitu mpaka mbili na nusu kwa wiki, kiangazi chetu hiki usishuke chini ya mbili, na ugawe mara tatu, usimwage zote siku moja. Mwagilia asubuhi mapema. Tandaza nyasi kavu unene wa sentimita 8 hadi 10 lakini zisiguse shina. Majani yakilegea saa saba mchana halafu jioni yakasimama, usiogope. Yakiamka asubuhi bado yamelegea, chimba kwa kidole, pakiwa pakavu una kiu, pakiwa matope mizizi inaoza.

Majani ya njano yanadanganya wengi. Majani machanga yakiwa njano lakini mishipa imebaki kijani, mmea umekosa chuma, na mara nyingi chuma kipo ila udongo una chokaa nyingi umekifungia. Angalia sufuria yako ya chai, kama ina ukoko mweupe, maji ya pampu yenu ndiyo hayo unayomwagia kila siku. Blakiberi inapenda udongo wenye uchachu kidogo, pH (kipimo cha uchachu) 5.5 mpaka 6.5. Tafadhali acheni kuweka majivu! Majivu yanazidisha shida. Kinga maji ya mvua, weka mboji iliyooza vizuri, na ukipata mbolea ya chuma aina ya EDDHA hiyo inafanya kazi hata kwenye chokaa. Yakianza njano majani ya zamani ya chini, hapo ni njaa ya naitrojeni, samadi ya zamani itasaidia. Kingo zikiwa kahawia zimekauka, ni kiu au chumvi.

Majani yakiwa na vidoti na rangi ya vumbi, yagonge juu ya karatasi nyeupe, vidoti vikitembea ni utitiri mwekundu. Mwaka mmoja niliuziwa dawa kali ya wadudu, nikanyunyiza, wiki mbili baadaye utitiri ulikuwa umezidi kwa sababu niliua wadudu wazuri wanaowala. Sasa naosha chini ya majani kwa maji asubuhi, mara mbili kwa wiki, basi.

Mmea una majani mengi hauzai? Aina nyingi zinazaa kwenye fimbo ya mwaka wa pili, ukifyeka zote umekata mavuno ya mwakani, kata zile tu zilizokwisha zaa. Pia kuna aina zinadai baridi ya miezi ambayo huku haipo. Tafuta zinazozaa kwenye fimbo ya mwaka wa kwanza, kama Prime-Ark Freedom, ila hata hizo maua yake yanasumbuka joto likipita digrii 30, kwa hiyo kivuli kilekile.

Na uchume saa moja asubuhi, tunda likiwa bado baridi. Ukichuma mchana kwenye joto kisha ukalirusha kwenye bodaboda, vipunje vyeusi vinarudi kuwa vyekundu kwenye kikapu na mteja atasema umemuuzia mabichi.